Kurasa Mbili Zinazotazamana: Majibu kwa Madai Yanayorudiwa Mno

Mpe mwanafunzi wa uandishi wa habari kurasa mbili za makala kutoka jarida la muziki, mwambie azichambue, na mara nyingi ataanza na rangi, ahamie kwenye mwendo wa jicho, kisha amalizie na picha ya msanii anayemtazama msomaji. Majibu hayo hufundishwa, hukaririwa na kupewa alama. Mengi kati yake si kweli, au yana ukweli nusu. Kurasa hizo ni kazi ya watu: mhariri aliyekata maneno, mpiga picha aliyepewa dakika chache hotelini, msanifu kurasa aliyekaa na makala kabla ya kuchagua fonti, na mchapaji ambaye mtambo wake una mipaka. Anayezisoma bila kuwaona watu hao na mipaka yao hana anachochambua. Anabuni maana tu. Nimeyakusanya hapa madai ninayoyasikia zaidi, nami nayajibu moja baada ya jingine.

«Nyekundu ni hasira, nyeusi ni uasi»

Hili ndilo linalopendwa kuliko yote, na ndilo linaloharibu uchambuzi mapema zaidi. Mwanafunzi huja na orodha ya rangi na maana zake, akaipachika juu ya ukurasa wowote. Nyekundu ikiwa kwenye makala ya bendi ya roki, ni hasira. Ikiwa kwenye makala ya mwimbaji wa mapenzi, ni mahaba. Kipimo kinachokubali kila jibu hakipimi kitu.

Anza na wino. Magazeti ya muziki ya Uingereza ya miaka ya 1970, yaani NME, Melody Maker na Sounds, yalitoka kila wiki kwenye karatasi ya kawaida ya gazeti, na sehemu kubwa ya kurasa zake ilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi ya pili ilidai pleti nyingine na wino mwingine, na haikufika kila mahali. Mtambo huchapa kurasa kadhaa kwa pamoja juu ya karatasi moja kubwa, kila upande kwa zamu yake, kisha karatasi hukunjwa na kukatwa. Sehemu ya kurasa 16 ina kurasa 8 upande huu na 8 upande ule. Wino wa ziada ukiwekwa upande mmoja, ni kurasa 8 hizo tu zinazoupata. Kwa hiyo makala moja ingeweza kupata nyekundu na jirani yake ikaikosa, kwa sababu tu ya pale zilipoangukia kwenye karatasi. Na kwa nini nyekundu ichaguliwe mara kwa mara? Kwa sababu kando ya nyeusi, juu ya karatasi yenye ukijivu, inasimama. Njano hupotea kwenye herufi nyembamba, na buluu nzito hukaribia nyeusi.

Mfano ulio wazi zaidi hautoki kwenye majarida bali kwenye majalada ya santuri za jazi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, Reid Miles alisanifu mamia ya majalada ya kampuni ya Blue Note ya New York akitumia picha za Francis Wolff. Leo watu husifu ile picha nyeusi na nyeupe iliyofunikwa kwa rangi moja tu, ya buluu au ya machungwa, wakisema ndiyo hisia ya jazi yenyewe. Bajeti ndiyo iliyompa rangi moja au mbili. Ustadi wake ulikuwa kuufanya ufinyu huo uonekane kama uamuzi, na hapo ndipo sifa yake halisi ilipo. Ukisema tu kwamba buluu ni huzuni, umemnyang'anya kazi yake.

Hata leo, ambapo rangi zote hutokana na wino nne, sababu za kiufundi hazijaondoka. Nyekundu kali hupatikana kwa kumwaga majenta na njano kwa ukamilifu, bila kuzivunja kuwa nukta. Ukingo wa herufi unabaki imara. Kahawia laini huundwa kwa nukta za wino kadhaa, na pleti zikikosea kukaa sawasawa kwa unywele tu, herufi ndogo zinapata ukungu. Maandishi meupe juu ya weusi mtupu hupendeza kwenye karatasi ya kung'aa, lakini kwenye karatasi ya gazeti wino husambaa na kuzifukia herufi. Jarida la roki lenye kurasa nyeusi tupu linakueleza kwanza aina ya karatasi liliyoweza kuilipia.

Kisha kuna picha yenyewe. Msanifu mzoefu huchukua rangi ya kichwa cha habari kutoka kwenye picha: koti la mwimbaji, taa ya jukwaani, rangi ya midomo. Na hutazama jirani. Ikiwa tangazo la ukurasa unaofuata ni jekundu tupu, ataikimbia nyekundu hata kama makala inazungumzia damu. Mwanafunzi aliyekata kurasa mbili kutoka kwenye jarida na kuzibandika kwenye daftari ameshampoteza jirani huyo, na pamoja naye sababu.

Sisemi kwamba rangi haina maana. Maana yake hujengwa ndani ya jarida lenyewe, toleo baada ya toleo, hadi msomaji anaizoea. Ukitaka kuijua, fungua matoleo sita.

«Jicho husafiri kwa umbo la Z»

Mchoro unaotajwa hapa unatokana na kazi ya Edmund Arnold, msanifu wa magazeti wa Marekani, aliyeueleza katika miaka ya 1950 kwa jina la Gutenberg. Ulihusu ukurasa uliojaa maandishi ya uzito uliolingana, ambapo hakuna kitu kinachomvuta msomaji kuliko kingine. Kurasa za kufungulia makala ya muziki ni kinyume chake kabisa: upande mmoja uso uliojaa ukurasa, upande wa pili neno moja lenye urefu wa kiganja.

Mwaka 1991 Mario García na Pegie Stark, wakifanya kazi na taasisi ya Poynter ya Florida, walichapisha matokeo ya kupima macho ya wasomaji wa magazeti. Wasomaji waliingia kwenye ukurasa kupitia picha kubwa au kichwa kikubwa, popote vilipokuwa. Yaani msanifu ndiye anayeamua mlango. Wengine siku hizi huleta umbo la F, wakisahau kwamba Jakob Nielsen alilieleza mwaka 2006 kuhusu tovuti, ambako msomaji anateremka kwenye kioo.

Msomaji wa Maskati anayefungua jarida la Kiarabu huanza kulia, na wasanifu wa huko hupanga kurasa zao kwa kufuata hilo. Kwa hiyo badala ya kuchora Z juu ya kila ukurasa, uliza: kitu gani ni kikubwa kuliko vyote, kipi cha pili kwa ukubwa, na je, cha pili kinampeleka msomaji kwenye sentensi ya kwanza au kinamwacha njiani?

«Kurasa mbili ni ukurasa mmoja mpana»

Kwenye skrini ya kompyuta, ndiyo. Mkononi, sivyo, isipokuwa katikati ya jarida lililobanwa kwa pini, ambako kweli ni karatasi moja. Ndiyo maana mabango ya wasanii katika majarida kama Smash Hits yalikaa katikati: msichana wa Leeds aliweza kuzifungua pini na kutoa bango zima bila mshono. Kwingine kote, nusu ya kushoto na nusu ya kulia ni karatasi mbili, pengine zilizochapwa hata kwa wino uliotofautiana kidogo, na zimekutanishwa na mkunjo.

Mkunjo huo unaamua mengi. Jarida la Rolling Stone lilijulikana kwa miaka mingi kwa ukubwa wake na kwa kubanwa kwa pini. Likilazwa mezani lilifunguka. Oktoba 2008 likapunguzwa kuwa na ukubwa wa majarida ya kawaida, na kurasa zikaanza kushikwa kwa gundi kwenye uti. Jarida la gundi halilali. Linajikunja ndani, na sehemu ya katikati hupotea kwenye bonde. Picha ya bendi ya watu watano ikitandazwa juu ya kurasa mbili, mtu wa katikati anamezwa, na kwa bahati mbaya wa katikati mara nyingi ndiye mwimbaji. Msanifu ana njia chache: asukume picha hadi uso ukae upande mmoja, akate picha iishie kwenye mkunjo, au ampe mpiga picha maelekezo mapema ili bendi iache pengo katikati. Ukiona bendi imesimama watatu huku na wawili kule, na ukuta mtupu kati yao, usikimbilie kuandika kwamba picha inaonyesha mfarakano wa kundi.

Nimesoma uchambuzi mwingi wa kurasa za muziki, na mkunjo hautajwi kamwe.

«Muziki wa fujo unataka ukurasa wa fujo»

Novemba 1967 toleo la kwanza la Rolling Stone lilitoka San Francisco, chini ya Jann Wenner na Ralph J. Gleason. Huo ulikuwa mji wa mabango ya saikedeliki, yale ya akina Wes Wilson na Victor Moscoso, yenye herufi zilizoyeyuka mpaka uinamishe kichwa kuzisoma. Nembo ya jarida ilichorwa na Rick Griffin, mmoja wa wachoraji hao hao. Lakini fungua ndani: safu zilizonyooka, herufi za kistaarabu, na fremu ya mistari miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, inayouzunguka ukurasa. Umbo hilo lilitokana na gazeti la Sunday Ramparts, ambako Wenner alikuwa amefanya kazi, na ambalo lenyewe liliiga magazeti mazito ya Uingereza. Vijana wenye nywele ndefu walichagua mavazi ya gazeti la wazee wenye tai. Kwa ukurasa huo walikuwa wanadai kwamba muziki huu unastahili kuandikwa kwa uzito uleule unaopewa siasa, na dai hilo lilikuwa la kimapinduzi kuliko herufi yoyote iliyoyeyuka.

Sasa geukia London mwaka 1976. Mark Perry alianzisha Sniffin' Glue, kijarida cha punk, kwa taipureta, kalamu ya wino mzito na mashine ya kudurufu. Vichwa vya habari viliandikwa kwa mkono, makosa yalikatwa kwa mstari. Fujo ile ilikuwa kweli, lakini ilitokana na vifaa alivyokuwa navyo. Alitaka maneno yake yatoke upesi. Wasanifu wa kulipwa walipoanza kuiga mikwaruzo hiyo studioni, wakiwa na fonti elfu mezani, ilikuwa jambo jingine kabisa, na mchambuzi anapaswa kuyatenganisha.

Neville Brody ananipa hoja ya mwisho hapa. Kuanzia 1981 alikuwa msanifu mkuu wa The Face, jarida lililoanzishwa na Nick Logan mwaka 1980, na humo alichora herufi zake mwenyewe, za kona kali na maumbo ya kijiometri. Katikati ya miaka ya 1980 alikivunja kichwa cha ukurasa wa yaliyomo kidogo kidogo, toleo baada ya toleo, mpaka kikabaki alama tu ambazo msomaji wa kudumu bado alizitambua. Toleo moja pekee lisingeonyesha chochote. Baadaye aliona mtindo wake umeigwa kila kona, hadi kwenye madirisha ya maduka. Jarida la Arena lilipoanza mwaka 1986 akatumia Helvetica, fonti tulivu kuliko zote. Kama fujo ndiyo ingekuwa roho ya usanifu wake, asingeweza kuiacha. Roho ya kazi yake ilikuwa kumfanya msomaji aone upya, na mwaka 1986 utulivu ndio uliokuwa mpya.

«David Carson alithibitisha kwamba maandishi si lazima yasomeke»

Hapa inabidi nikae kidogo, maana hadithi hii imewaharibu vijana wengi wenye vipaji.

Jarida la Ray Gun lilianzishwa California mwaka 1992 na Marvin Scott Jarrett, na Carson akawa msanifu wake hadi 1995. Alikuwa amesomea sosholojia, amefundisha shule, na ni mpanda mawimbi wa bahari; alikuwa ametoka kusanifu Beach Culture, jarida lililoishi matoleo sita tu. Hakufuata gridi, ile mistari isiyoonekana ya kupangia safu. Safu zake ziligongana, vichwa vilikatwa nusu, herufi zilipandiana. Tukio linalosimuliwa kila darasa ni la 1994: mahojiano na Bryan Ferry, mwimbaji wa Roxy Music, ambayo Carson aliyasoma, akayaona yanachosha, na kuyapanga yote kwa Zapf Dingbats, fonti ambayo badala ya herufi ina nyota, mikasi na mikono inayoelekeza. Ameisimulia mwenyewe kwenye filamu ya Helvetica ya mwaka 2007.

Kinachosahaulika ni kwamba mahojiano hayohayo yalichapwa tena nyuma ya toleo hilohilo, kwa herufi za kawaida, yote yanasomeka. Jarida halikumnyima msomaji maandishi, liliyahamisha. Anayemtumia Carson kama ushahidi kwamba maneno hayana haja amesahau kufungua kurasa za mwisho.

Pili, uamuzi ule ulianza kwa kusoma. Ulikuwa hukumu juu ya makala, uwe ulikuwa wa haki au haukuwa. Wengi waliofuata nyayo zake hawakusoma kitu. Walichukua herufi zilizopasuka na kuzimwaga juu ya makala yoyote: ya hip hop, ya muziki wa kanisa, ya tangazo la benki. Tazama kurasa bora za Carson mwenyewe na utaona kipimo kikali: kitu kimoja kikubwa sana, kingine kidogo sana, na pengo kati yao lililowekwa makusudi. Hakuwa na gridi, lakini alikuwa na jicho lililojua pa kusimama.

Tatu, fikiria msomaji wake. Aliyenunua Ray Gun alikuwa kijana aliyeujua muziki huo tayari. Habari za ziara na tarehe za albamu angezipata kwenye Spin au Rolling Stone siku hiyohiyo, kwenye kibanda hichohicho. Jarida lililo peke yake sokoni, ambalo kwa msomaji wake ndilo chanzo pekee cha habari ya msanii, halina uhuru huo.

Na sasa hukumu yangu, kwa kuwa mchambuzi anayeogopa kuhukumu hafai. Nayapenda mengi aliyoyafanya Carson, lakini uamuzi wa mahojiano ya Ferry ulikuwa mbaya. Mwandishi alisafiri, akauliza, akanakili, akakabidhi kazi. Kama kazi ilikuwa dhaifu, mahali pa kusema hivyo ni meza ya mhariri, kabla ya kurasa kufungwa. Msanifu anayemwadhibu mwandishi mbele ya wasomaji amejipa cheo kisicho chake. Ukurasa ule umebaki maarufu. Mahojiano yenyewe hakuna anayeyakumbuka, na hilo halinifurahishi.

«Nafasi tupu ni karatasi iliyopotea»

Wanaolipia karatasi ndio wanaosema hivi, na ninawaelewa. Lakini tazama Rolling Stone chini ya Fred Woodward, aliyeongoza usanifu wake kuanzia 1987 hadi 2001, Gail Anderson akiwa miongoni mwa waliofanya naye kazi kwa miaka mingi. Desturi yao ilikuwa kufungua makala kubwa kwa picha inayojaza ukurasa mmoja, na upande wa pili kuujenga kwa herufi peke yake, makala hii kwa fonti zake na ile kwa zake. Woodward alirudisha pia ile fremu ya mistari miwili ya enzi za mwanzo. Ukurasa wa herufi ulikuwa na weupe mwingi kuuzunguka, na weupe huo ndio uliomwambia msomaji: acha kupekua, hapa kuna jambo. Jarida lililojaa matangazo hadi pembeni halina njia nyingine ya kupunguza sauti.

Nafasi tupu inaweza pia kuwa ndani ya picha. Januari 1979 Kevin Cummins aliwapiga picha Joy Division juu ya daraja la Hulme, Manchester, siku ya theluji. Bendi ni vitone vyeusi kwa mbali. Kilichobaki ni weupe na mistari ya barabara. Ukiikata ili nyuso zionekane, kama mhariri mwenye haraka angependa, umeitupa picha yote. Ni moja ya picha zilizoamua jinsi dunia inavyousikia muziki wa bendi hiyo.

«Picha ndiyo inayouza, maneno ni ya kujazia»

Wanaodai hivi hupenda kuleta jalada la Rolling Stone la Januari 1981: John Lennon akiwa mtupu, amejikunja kando ya Yoko Ono, picha ya Annie Leibovitz, bila kichwa cha habari hata kimoja. Naam, halikuwa na maneno. Lakini picha ilipigwa tarehe 8 Desemba 1980, na saa chache baadaye Lennon aliuawa. Kila aliyelishika jarida lile alikuja na maneno yake kichwani. Ondoa habari hiyo, na jalada linahitaji maelezo.

Kwenye kurasa za ndani, maneno madogo ndiyo yanayobeba mzigo. Aya fupi chini ya kichwa humwambia msomaji ni nani, kwa nini sasa, na ugomvi uko wapi. Nukuu iliyokuzwa humshika anayepekua. Ikichaguliwa vibaya, kwa mfano msanii akisema anawashukuru mashabiki wake, ni bora pawe weupe. Herufi kubwa ya kufungulia huitwa pambo na wachambuzi wengi, ilhali kazi yake ni ya vitendo: kichwa kikiwa kimekaa juu kushoto na picha imeteka kulia, msomaji anahitaji kuonyeshwa sentensi ya kwanza ilipo. Nikiona herufi hiyo imewekwa katikati ya safu ya tatu kwa urembo tu, najua msanifu hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Maelezo ya picha ndiyo yanayotendewa vibaya kuliko yote. «Msanii akiwa jukwaani» si maelezo. Msomaji anaona jukwaa. Mwambie ni usiku gani, wimbo gani, na kwa nini mpiga gitaa ameinamisha kichwa.

«Kiolezo ni kiolezo, lugha haibadilishi kitu»

Dai hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Msanifu wa Dar es Salaam au Nairobi huchukua mpangilio uliotungwa kwa Kiingereza, akamimina makala ya Kiswahili ndani yake, kisha akashangaa kwa nini ukurasa unaonekana umechoka.

Hesabu kidogo. Safu yenye upana wa sentimeta 5, kwa herufi za pointi 9, hubeba takriban herufi 33 kwa mstari. Kwa Kiingereza, chenye maneno mengi ya silabi moja, hayo ni maneno matano au sita, na kompyuta ina mapengo ya kutosha ya kunyoosha kingo mbili. Kwa Kiswahili, neno «hawakumtambulisha» peke yake lina herufi 17, nusu ya mstari. Likikosa nafasi, linashuka chini na kuacha mstari wa juu na maneno mawili yaliyotenganishwa kwa mashimo. Mistari kadhaa ya namna hiyo ikifuatana, mashimo yanaungana na kuteremka katikati ya safu, na jicho linayafuata hayo badala ya kufuata habari.

Dawa ipo. Punguza safu kutoka nne hadi tatu, au acha ukingo wa kulia usinyooshwe. Na ukate maneno kwa silabi za Kiswahili. Karibu silabi zetu zote huishia kwenye irabu: wa-na-mu-zi-ki, nyi-mbo, mwi-mba-ji. Programu iliyoachwa kwenye mpangilio wa Kiingereza inaweza kukata baada ya «wan» au kuitenganisha m na b ya «nyimbo», na msomaji anajikwaa bila kujua amejikwaa wapi. Zima ukataji huo, au weka kanuni zako. Ni kazi ya nusu saa, na inaokoa kila toleo litakalofuata.

Upande wa pili wa tabia hiyohiyo ni utajiri ambao hatuutumii. Kwa kuwa kitenzi chetu kinabeba mtendaji, wakati na tendo ndani ya neno moja, kichwa cha neno moja kinaweza kuwa sentensi kamili. «Hatutanyamaza», iliyotandazwa juu ya ukurasa mzima kando ya picha ya kundi la taarabu au la bongo fleva, inasema jambo ambalo Mwingereza angelihitaji maneno matatu au manne kulisema, na maneno hayo yangepunguza ukubwa wa herufi. Tukiendelea kuazima violezo vyenye nafasi ya neno la herufi nne, tutaendelea kuandika «Staa» juu ya kila makala.

«Simu imelimaliza suala hili»

NME liliacha kuchapwa kila wiki Machi 2018, na Q likafungwa mwaka 2020. Hayo hayabishaniwi. Lakini mwaka huohuo wa 2018 Rolling Stone lilirudi kwenye umbo kubwa, likitoka mara moja kwa mwezi. The Face, lililofungwa 2004, lilirejea kwenye karatasi 2019. Na NME lenyewe likaanza kuchapwa tena 2023. Yamerudi kwa wasomaji wachache zaidi, wanaolipa zaidi, na yamerudi hasa kwa sababu ya umbo.

Kwenye simu, picha inakuja kwanza, kisha kichwa, kisha aya, kila kimoja kikiondoka kwenye kioo kabla cha pili hakijafika. Uso wa mwimbaji na neno lililoandikwa juu yake haviwezi kuonekana pamoja kwa ukubwa unaostahili. Kwenye jarida vinatazamana, na msomaji anakaa kati yao kwa muda anaotaka yeye.